Ukishavuka Daraja

Masaka, Kicukiro
Jumapili, 9 Februari 2025

Lusekelo mwanangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kuiogopa kodi kabla ya kujua wamesimama daraja gani. Nimelisema hilo darasani kwa miaka thelathini, na sichoki kulirudia, maana swali uliloniletea ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wanafunzi waliovaa tai.

Unasema una rafiki hapo kwenye karakana za Agakiriro, fundi seremala, kibarua wa kulipwa kwa siku, kama laki moja na elfu sitini kwa mwezi. Tajiri wake, Eustache, amepata kazi ya vitanda vya hoteli moja ya Kiyovu, na hoteli inataka mafundi wakuu waandikwe kwa mkataba. Rafiki huyo anatakiwa awe kapita, msimamizi wa karakana, kwa laki mbili na elfu ishirini kwa mwezi. Unauliza: akisaini, kodi haitammeza?

Kaa chini nikueleze pole pole. Kodi ya mshahara hapa Rwanda imepangwa kwa madaraja. Daraja la kwanza, hadi elfu sitini, halitozwi kitu. Serikali inakuachia ununue chumvi. Daraja la pili, hadi laki moja, asilimia kumi. Daraja la tatu, hadi laki mbili, asilimia ishirini. Ukishavuka daraja hilo, asilimia thelathini. Mfumo wote ndio huo. Ndiyo maana mwenye magari mawili kule Kiyovu hulalamika kuliko mama muuza nyanya wa hapa Masaka: yule amevuka, huyu hajavuka.

Kwa hiyo rafiki yako ajue anapokwenda kusimama. Laki mbili na elfu ishirini imevuka. Asisaini kitu kabla ya kupiga hesabu. Anayejua daraja lake hadanganywi na mtu.

Umeandika pia kwamba watakaosaini watapimwa kifua kwanza, na kwamba wakiugua siku zao zitalipwa. Hayo ni mambo ya daktari. Mimi nibaki kwenye kodi.

Goti langu bado. Tangu pikipiki iniangushe siku ile ya mvua, siwezi kupanda hadi Gisozi, na wewe siku hizi huji Jumapili. Huyu Aimable wa pikipiki uliyemtuma na bahasha nimempa chai. Akaniuliza, "Muzee, hii barua iko na haraka?" Nikamwambia kodi haina haraka, ina tarehe ya mwisho. Hakucheka.

Lakini mbona hupigi simu?

Wako,
Mwalimu Jeremiah

*

Gisozi
Jumapili, 23 Februari 2025

Shikamoo Mwalimu,

Barua nimeipata na nimeisoma mara tatu. Rafiki yangu naye nimemsomea. Ameelewa vizuri, amepiga hesabu kama ulivyosema, na tajiri wake ameshamjibu. Anasema umemwokoa. Angeingia mwenyewe na miguu yake.

Simu yangu imeingia vumbi la mbao, haisikiki. Kwa hiyo naandika. Barua ni nzuri pia, mtu anapata nafasi ya kufikiri.

Jana tulikuwa kwenye kazi ya mtaa ya umuganda, tukazibua mtaro wa chini ya barabara, halafu mchana tukarudi kazini maana vitanda vina siku ya mwisho. Ni mbao za libuyu kutoka Kongo. Ukizipiga msasa zinatoa vumbi jekundu kama unga wa pilipili, na vanishi tunapaka ndani kwa sababu nje kuna mvua. Niyongabo wa msumeno ana maneno sana. Juzi kaniambia, "Mutanzania, wewe ukikohoa unatoa kitanda kizima na mito yake." Nikamjibu nikikitoa nitakiuza mwenyewe, Eustache asione.

Barua yako nimeibandika ukutani, karibu na swichi ya msumeno. Wengi hapa wana swali hilo hilo. Wameisoma wote.

Mke wangu Nahimana anakusalimu. Jumapili sitakuja kwa muda. Ni kazi tu.

Mwanao,
Lusekelo

*

Masaka
Jumapili, 16 Machi 2025

Lusekelo mwanangu,

Nimefurahi kwamba rafiki yako amesaini. Hivyo ndivyo mtu anavyonufaika na kisomo: hakimpi mshahara, kinamwondolea woga. Mwambie mzee mmoja wa Masaka anampa hongera ya ukapita.

Na barua yangu imebandikwa ukutani! Nilipokuwa kazini niliandika ripoti ndefu kuliko vitabu vya Kutoka na Walawi, na hakuna aliyezibandika hata chooni. Nimemsomea Joselyne, jirani yangu tunayelima naye maharage, sehemu yako ya ukuta. Akasema, "Basi muzee umekuwa tangazo."

Hicho kikohozi cha utani wa Niyongabo, ni utani tu? Kunywa maziwa, ujifunge kitambaa puani. Kama hakiishi, nenda kituo cha afya, bima ya mituweli si unalipa? Utanieleza.

Na hiyo simu kaipulize.

Wako,
Mwalimu Jeremiah

*

Gisozi
Jumapili, 4 Mei 2025

Shikamoo Mwalimu,

Nimechelewa kujibu. Vitanda vimekwisha, sasa ni kabati za hoteli ile ile.

Kikohozi kinakuja na kuondoka. Kituo cha afya nilikwenda, wakanipa dawa ya maji na karatasi. Rafiki yangu hajambo. Hana jipya.

Simu bado.

Lusekelo

*

Gisozi
17/8/2025

Muzee Jeremiah,

Amahoro. Ni mimi Nahimana, bibi ya Lusekelo. Kiswahili yangu ni ya Bujumbura, utanisamehe. Yeye hajui kama naandika.

Lusekelo iko hospitali tangu siku ya ine ya juma. Alianguka ku kazi, hapo wanapiga msasa. Niyongabo na Eustache walimubeba mupaka barabarani. Muganga alipiga picha ya kifua. Anasema mapafu imekakamaa, ni vumbi na vanishi ya miaka mingi, na haitarudi vile ilikuwa. Anasema kama angetoka ku vumbi mwanzo wa mwaka, yenye ilibaki ingemutosha. Nilimuuliza ingemutosha kiasi gani. Alionyesha na mukono. Sasa alionyesha tena, kidogo.

Siyo mituweli ilikosa, tunalipa kila mwaka. Ile karatasi walimupa mwezi wa tatu ku kituo cha afya ilikuwa ya kumutuma hospitali kubwa, siku ya pili ya juma, asubuhi. Kila juma anasema nitaenda ijayo. Kibarua akienda hospitali ile siku haiko, hawailipi. Na kesho yake wanaweza kupa mutu mwingine nafasi yake. Karatasi iko hapa, imekunjwa mara ine.

Muzee, hakuna rafiki. Ni yeye. Eustache alimupa kontara mwezi wa pili, na alikataa. Nilimuuliza mbona unakataa? Alisema, Mwalimu ameandika, ukishavuka daraja wanakata tatu ku kila kumi, ku mushahara yote, tutapata kidogo kushinda sasa. Nilisema basi, Mwalimu anajua.

Na simu iko muzima. Iko ku kabati, mimi napigia nayo watu ya Bujumbura. Hataki kuongea na wewe ku simu kwa sababu hawezi kumaliza maneno bila kukohoa. Alisema ku karatasi haisikiki.

Sikukasirikii. Nilitaka tu ujue.

Nahimana

*

Masaka
Jumatano, 20 Agosti 2025

Lusekelo,

Nahimana ameniandikia. Usimgombeze.

Nilisoma barua yake mara mbili, kisha nikaenda kumwagilia maharage. Nilimwagilia hata upande ambao Joselyne alikuwa amekwisha kumwagilia.

Mimi huweka nakala za barua zangu, ni tabia ya kazi. Nimeitafuta ile ya Februari. Sentensi yenyewe ni hii: "Ukishavuka daraja hilo, asilimia thelathini." Nimeikagua kama nilivyokuwa nikikagua karatasi za wanafunzi, na swali la kwanza ambalo ningeandika pembeni kwa wino mwekundu ni: asilimia thelathini ya nini? Sikusema. Yalihitajika tu maneno manne: ya kile kilichozidi tu.

Acha nieleze, maana sijui kufanya kitu kingine. Neno daraja kwetu lina maana mbili. Kuna daraja la kupanga watu na vitu, na kuna daraja la mto. Kodi ni la kupanga. Mimi nilikuwa na la kupanga kichwani, lakini nikatumia kitendo cha la mto. Nikaandika kuvuka. Na mtu akivuka mto huvuka mzima, haachi mguu ng'ambo. Wewe ulisoma nilichoandika. Hukukosea kusoma.

Ukweli ni huu. Katika laki mbili na elfu ishirini, ile asilimia thelathini ingegusa elfu ishirini za juu peke yake. Laki mbili za chini zingebaki na viwango vyake vya chini, na elfu sitini za kwanza zisingeguswa kabisa. Hakuna nyongeza ya mshahara inayoweza kukufanya, kwa sababu ya kodi hiyo, upate kidogo kuliko zamani. Nimefundisha hilo miaka thelathini. Kwako nimeliandika vibaya.

Na kifua. Uliniambia watapima kifua, na kwamba siku za ugonjwa zitalipwa. Nikajibu kwamba hayo ni mambo ya daktari. Nilifikiri kodi ni kitu kimoja na mapafu ni kitu kingine. Sasa nina barua mbili mezani, yangu na ya Nahimana, na ni jambo moja.

Nimemtuma Aimable na hii pamoja na debe la maharage. Usinijibu kama unachoka.

Jeremiah

*

Gisozi
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Shikamoo Mwalimu,

Nimetoka hospitali wiki tatu sasa. Naandika kidogo, napumzika, naandika. Barua hii ni ya siku mbili.

Naomba usijitese. Sijisikii kukasirika. Nilingoja hasira ije, haikuja. Asubuhi naamka, nakaa mlangoni, naangalia kilima cha pili, jua linafika, nakula. Nahimana anakwenda sokoni. Eustache ananipa kazi ya kuchora alama kwenye mbao, anazileta Niyongabo kwa toroli hadi nyumbani. Napima, nachora mstari wa penseli, anazirudisha. Siku hizi hata yeye utani umempungua.

Nikwambie ukweli sasa. Uliponiandikia mwezi wa tatu kwamba umefurahi rafiki yangu amesaini, nilikuwa nimesimama. Nikakaa juu ya benchi. Nikajua basi sikuelewa. Kesho yake nilikwenda kwa Eustache. Akaniambia, "Lusekelo, hoteli imefunga orodha, na kapita nimeshamleta kutoka nje. Ngoja kazi nyingine." Nikaona aibu kukuandikia. Wewe ulikuwa umefurahi na ule ukuta. Nikasema nitangoja kazi nyingine, nitasaini, halafu nitakueleza tukiwa tunacheka.

Na simu ilikuwa nzima, kama alivyosema mke wangu. Wewe unapenda mtu amalize sentensi. Kwenye karatasi sikohoi.

Sasa kazi nyingine imekuja. Hoteli ile ile, ghorofa ya pili. Kapita wa nje ameondoka, na Eustache anamtaka Niyongabo. Mkataba ule ule, kifua kinapimwa, siku za ugonjwa zinalipwa. Mimi sichukuliwi tena, hicho kipimo cha kifua sikipiti. Niyongabo amekataa. Ameanza kukohoa, Mwalimu. Nakisikia kikohozi akisukuma toroli, kabla sijamwona mwenyewe.

Juzi nilijaribu kumweleza. Nikasema, "Niyongabo, saini." Akasema, "Wewe ndiye ulituonyesha barua. Mwalimu aliandika ukishavuka daraja." Nikasema si hivyo, Mwalimu alimaanisha, halafu pumzi ikakatika. Akaninywesha maji. Akasema, "Pumzika, kaka. Mwalimu kama amebadilisha, alete barua nyingine." Ile ya kwanza bado iko ukutani, karibu na swichi. Imepata vumbi lakini inasomeka.

Kwa hiyo naomba umwandikie yeye. Usimweleze sana. Mwambie hivi, nimelifikiria nikichora mbao: meza ina alama. Ubao ukipita alama, unakata kipande kilichopita. Huwezi kuuchukua ubao wote ukautia kwenye msumeno kwa sababu umezidi vidole viwili. Kodi ni hiyo. Angenieleza mtu hivyo mwezi wa pili, ningeelewa nikiwa nimesimama mlangoni.

Kazi ina siku ya mwisho kusaini. Ni Jumatatu ya tarehe kumi na tatu, jioni.

Mwanao,
Lusekelo

*

Masaka
Jumatatu, 13 Oktoba 2025, alfajiri

Ndugu Niyongabo,

Hatujaonana, ila nimesoma maneno yako katika barua za Lusekelo, na yalinichekesha wakati nilipokuwa bado nacheka. Mimi ni Jeremiah, yule wa barua iliyo ukutani kwenu. Niliandika hii mara nne tangu wiki iliyopita, kila mara ikawa ndefu, nikachana. Aimable anangoja nje na injini haijazimwa.

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba mshahara ukivuka daraja, kodi kubwa inaukamata wote. Si kweli. Na hilo kosa mlilipata kwangu. Barua ya ukutani niliiandika mimi, na ina sentensi iliyokosa maneno manne. Kwa sababu ya maneno hayo Lusekelo hakusaini, hakupimwa kifua mwezi wa pili, na hakwenda hospitali siku aliyopangiwa, maana kibarua hana siku ya kuugua. Mengine unayaona kila unapompelekea mbao.

Ukweli anausema Lusekelo vizuri kuliko mimi. Ubao ukipita alama, unakata kilichopita alama. Sehemu nyingine inabaki kama ilivyo. Kwa mshahara wanaokupa, kilichopita alama ya mwisho ni elfu ishirini tu, na hata hizo hazichukuliwi zote. Utabaki na zaidi ya unachopata leo. Zaidi ya hapo, watakupima kifua, na siku utakayokohoa ukashindwa kusimama, siku hiyo itakuwapo.

Nimesema mengi tena. Ing'oe barua yangu ukutani, bandika hii.

Leo, kabla hujawasha msumeno, nenda kwa Eustache, omba kalamu, usaini.

Jeremiah